Malalamiko ya Kuponywa Nyonga Bila Kuonywa

Kwa Mganga Mkuu wa Hospitali,

Ndugu Mganga Mkuu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na umekaa kitini, maana ninayokuletea si ya kusomwa umesimama. Mimi ni mwalimu wa nidhamu, mke wa kinyozi, mama wa watoto watatu, na mgonjwa wenu wa zamani katika chumba cha fiziotherapia ya nyonga. Namshtaki kwako mtaalamu wa chumba hicho, yule binti mwenye miwani na sauti ya taratibu. Ameniponya.

Ili uielewe hasara yangu, sharti ujue nilivyokuwa. Tangu nimzae kitindamimba, nikipiga chafya mkojo ulikuwa unanitoka. Nikikohoa, hivyo hivyo. Nikicheka, ndiyo usiseme. Basi nikaacha kucheka. Nikavaa sketi nyeusi, nikakaa karibu na mlango, nikakaza uso. Wanafunzi wakaniita Madam Saruji. Mwalimu Mkuu alipouona uso huo akasema huyu ndiye wa kushika nidhamu. Yaani, Ndugu Mganga Mkuu, kibofu changu ndicho kilichonipandisha cheo.

Kisha nikapata mafua, nikakohoa mbele ya shule nzima, nikamaliza hotuba nimejiziba kwa mkoba. Jioni ile wifi yangu, ambaye ni muuguzi, alinibana mpaka nikasema ukweli, akanileta kwenu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilikuja nimejiandaa kuaibika, nikanyimwa. Nilinunua chupi mpya na kukariri uongo njia nzima. Yule binti akafunga mlango, akavuta pazia, akaniuliza kama mtu anayeulizia habari za shamba: nakunywa nini, naenda haja mara ngapi, nilijifungua vipi, choo kigumu kinanisumbua, tendo la ndoa linaniuma? Nikajibu kweli tupu. Ule uongo ninao mpaka leo, sijautumia. Halafu akasema angependa kuipima misuli kwa kidole, akiwa na glavu, lakini nikikataa hakuna ubaya, na nikisema basi, ni basi. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuamrisha watu, nikaombwa ruhusa. Nilikosa pa kukasirikia.

2. Lugha. Aliniambia tatizo liko kwenye sakafu ya nyonga. Nikamjibu kwamba kwangu tumeweka vigae. Hakunicheka, akanionyesha nyonga ya plastiki na misuli iliyotandazwa chini yake kama bembea. "Mama, kaza kana kwamba unazuia mkojo na hewa kwa pamoja," akasema. "Sasa nyanyua, kama lifti inayopanda. Usibane pumzi. Haya, ishushe polepole." Akaongeza kwamba nikitaka kukohoa, nikaze kwanza. Shuleni kwetu hakuna lifti. Nimeijenga mwenyewe, na huwa naiendesha kwenye kikao cha walimu. Mwalimu wa hesabu anawaambia wenzake kwamba siku hizi nasikiliza kwa makini sana.

3. Amenipotezea elimu. Nilikuwa nakijua kila choo cha mji huu: kipi kina kitasa, kipi kina maji, kipi ukiomba kwa upole unapewa ufunguo. Akasema niache kwenda kwa kuhofia kubanwa njiani. Niende nikibanwa kweli, maana nakidekeza kibofu. Sasa napita mbele ya vyoo hivyo kama mtu asiyejuana navyo.

4. Hili ndilo kubwa. Wiki kadhaa baadaye tulikuwa mezani, na mume wangu kama kawaida akaleta habari za kazini.

"Leo kaja mzee mmoja, kichwa ni upara mtupu," akasema. "Kauliza kunyoa kunachukua muda gani. Nikamwambia, mzee wangu, kunyoa ni dakika moja, kazi ni kuzitafuta nywele."

Nikacheka. Nilicheka mpaka nikalalia meza, chai ikamwagika, watoto wakasimama wakidhani nimepaliwa. Nilipopata pumzi nikajisikilizia. Kukavu. Nikacheka upya kwa ajili ya ule ukavu.

Mume wangu akaweka kijiko chini. "Kumbe nachekesha?" aliniuliza, na hakuwa anatania. "Miaka yote hii nilidhani umenichoka."

Sikuwahi kumwambia. Alijua nimekuwa mkali. Hakujua kwamba nilikuwa naogopa. Tuliwatuma watoto wakaoshe vyombo, nikamweleza yote, naye akanishika mkono asiuachie. Tangu siku hiyo sina amani. Ananisimulia upya vichekesho vyote nilivyovinyima kicheko, kwa kufuata miaka, na kwanza hata hatujafika mwaka aliofungua saluni.

5. Shule imeniponyoka. Juzi binti mmoja alichelewa. Nikamkazia macho, nikamuuliza sababu. "Samahani Madam," akasema, "saa ya nyumbani ilisimama, nikaona si adabu kuiacha peke yake." Ndugu yangu, nilishika ukuta kwa kicheko. Habari ilifika madarasa yote kabla ya kengele. Sasa wanachelewa kwa zamu, na nje ya ofisi yangu wanapanga foleni wakinong'ona sababu zao kama watu wanaokwenda kwenye usaili.

Kwa hiyo naomba yule binti aonywe: awe anawaambia wagonjwa mapema kwamba watapona, wajipange. Naomba pia nirudishiwe ugonjwa wangu kidogo, wa saa za kazi tu; jioni nitajitegemea. Ikishindikana, hospitali initumie mtu wa kukunja uso kwa niaba yangu.

Nisalimie wauguzi wote, mlinzi wa getini aliyenielekeza kwa sauti ya chini bila kuombwa, na mama wa usafi wa korido ile.

Wako katika ukavu,
Mwalimu wa Nidhamu

N.B. Nilikuwa nalamba bahasha alipoingia ofisini kwangu mtu mmoja wa hapa shuleni, mwanamume, mwenye ofisi kubwa kuliko yangu, ambaye sitamtaja. Akafunga mlango. Akachungulia dirishani kama kuna mtu. Kisha akauliza kama hao watu wa nyonga hupokea na wanaume, maana tangu afanyiwe upasuaji wa tezi dume, naye hacheki. Nimemwambia wanapokea. Atakuja Alhamisi, amevaa kofia. Tafadhali apelekwe kwa yule yule binti, na mkitaka kumhamisha binti huyo kwa sababu ya barua hii, ichaneni.