Jino la Mdomo-Asali

Mdomo-Asali alikimbilia hospitali kukwepa mvua, si kutafuta elimu, lakini elimu ikamfuata hukohuko. Nesi wa chumba cha kusafisha damu alikuwa akiwakemea wagonjwa wake wa figo: "Pigeni mswaki, jamani! Fizi zikivimba, bakteria wa mdomoni wanaingia kwenye damu, na nyie kinga zenu ziko chini."

Mtu mwenye haya angewapa pole. Huyu alihesabu vitanda.

Keshokutwa yake akarudi na koti jeupe la kuazima kwa kinyozi, chupa za maji ya chumvi yaliyotiwa rangi, na tabasamu. Tabasamu ndilo lililokuwa duka lake. Mbele kabisa liling'aa jino la dhahabu, kifuniko alichokichomoa kinywani mwa marehemu baba yake kabla majirani hawajafika msibani.

Nesi alipotoka kidogo, akaanza. Wagonjwa wamelala, mirija mikononi, damu inazunguka mashineni, wangekimbilia wapi?

"Wazee wangu, mama zangu! Usaha wa fizi unaingia kwenye damu! Asubuhi na jioni, sukutua, tema, usimeze. Bakteria kwisha!"

Wakanunua wote, maskini, kwa nauli zao za kurudia nyumbani.

Mzee sonara wa kitanda cha dirishani akasukutua palepale, akatema. Chumvi! Mtu aliyekatazwa chumvi miaka na miaka haisahau hata tone. Akamtazama mama wa kitanda cha pili, naye alikuwa ameshaitambua.

"Daktari," sonara akaita kwa upole, "hebu inama. Mbona fizi imevimba hapo kwenye dhahabu?"

"Wapi?"

"Uwii, na usaha!" mama akadakia. "Si umesema unaingia kwenye damu?"

"Ukitoka hapo, moyoni," sonara akasikitika.

Mdomo-Asali, aliyelaghai nusu ya mji, akaingiwa na baridi kwa maneno yake mwenyewe. Na kweli fizi ilikuwa ikimuuma.

"Sasa nifanyeje, mzee wangu?"

"Mimi ni sonara, mwanangu. Nipe hicho kifuniko nikakichemshe, nikisugue. Keshokutwa narudi kwenye mashine, utakikuta."

Akakivua, jinga lile, akampa kwa mikono miwili.

Keshokutwa akakipokea kinameta kuliko zamani, akashukuru mpaka akatoa chupa ya bure. Wiki haijaisha, alikuwa akimchekea mjane mmoja tajiri, mjane akarudi nyuma akiziba pua. "Kaka, jino lako limeota ukungu!"

Akakimbilia kioo. Jino lilikuwa la kijani. Shaba tupu.

Akafika hospitali akihema. Kila mgonjwa alikuwa na mswaki mpya kando ya mto, na daktari wa meno, wa kweli huyu, alikuwa akiwapima fizi mmoja mmoja. Dhahabu ya marehemu ilikuwa imepata kazi ya heshima.

"Mzee, jino langu!"

Nesi akageuka. "Na wewe ni daktari wa idara gani?"

Mdomo-Asali akaliziba jino kwa kiganja, akaanza kurudi kinyumenyume mlangoni.

"Ni bakteria hao, mwanangu," sonara akamwambia, chumba kizima kikishika mbavu. "Dawa si unayo? Asubuhi na jioni. Usimeze."