Jinsi Rubeni Mpinda Mabati Alivyoushinda Mshono wa Keni

Jongeeni, enyi watu wa Lushoto, mlioko miteremkoni na mlioko mabondeni; wekeni chini majembe, zimeni redio, na mwenye chungu jikoni akiepue, kwa maana leo yanasimuliwa mambo makubwa: habari za Rubeni mwana wa Kristian, Mpinda Mabati, Bwana wa Nyundo ya Mti, ambaye kwa mikono yake miwili na mtambo wa leza alitengeneza keni moja ya kumwagilia kabichi. Anayeona kwamba keni ni jambo dogo aondoke sasa hivi atuachie nafasi ya kukaa. Huyo hajapata kubeba maji kichwani akapanda mlima.

Miaka arobaini na mitano Rubeni alikuwa ameketi katika banda lake nyuma ya soko, akikata bati kwa mkasi, akilipinda kwa nyundo na kuliziba kwa risasi iliyoyeyushwa, na keni zake zikaenea mashambani toka mjini hadi Mgwashi. Kisha macho yakamsaliti. Kiangazi kilichopita keni nne zilirudishwa zikivuja kwenye mshono, na aliyezirudisha alikuwa Mwanahawa, Amiri Jeshi wa akina mama wa bustani, mwanamke asiyepandisha sauti kwa sababu hajapata kuhitaji. Rubeni aliona aibu, tena aibu ya kumfanya mtu apite njia ya nyuma akienda kanisani.

Basi kiangazi cha mwaka huu kilipoingia, mifereji ikaanza kunywea, Mwanahawa akasimama mbele ya banda.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, mama. Karibu.”

“Nimekaribia, ila sikai. Nimetumwa na wanawake thelathini na wawili, wenye kabichi, wenye karoti na wenye maharage machanga, na neno lao ni hili. Tumekuvumilia kama ndugu. Tengeneza keni moja. Jumamosi nitaijaza mferejini, nitaibeba kichwani mpaka bustani ya juu, na khanga yangu itakuwa shahidi. Nikifika na mgongo mkavu, utatutengenezea zote. Nikifika nimelowa, tutanunua za plastiki kutoka Tanga, na mimi na wewe tutaendelea kusalimiana.”

Hapo kwenye kusalimiana ndipo palipomchoma. Angetukanwa ingekuwa nafuu.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na karakana ya binti yake, Glory, Mshika Miale, aliyesomea uchomeleaji chuoni, akarudi na mtambo wa leza wenye ukubwa wa friji. Mtambo huo ulikata na kuunga, ukibadilishwa ncha tu, na kwa mwaka mzima Rubeni alikuwa amepita mbele yake akiangalia pembeni. Siku hiyo akavuka barabara. Wazee waliokuwa wakicheza bao waliacha kete mkononi wakamtazama, maana hakuna aliyetegemea kuiona safari ile.

“Shikamoo, tate,” akasema Glory. “Leo umepotea njia?”

“Marahaba. Nipe miwani ya kazi, mwanangu, na usiniulize maneno.”

Vita vya kwanza vilipiganwa Alhamisi. Rubeni, kwa desturi aliyorithi kwa Kristian mwenyewe, alipandisha ukingo wa bati juu ya mwenzake upana wa kidole, kama ipasavyo mshono wa risasi, akaugonga ukalala. Glory alipotaka kusema neno, mzee aliinua kiganja. Leza ikawashwa. Na ndani ya ule mpandano, zinki iliyopakwa kwenye bati ikachemka, ikatafuta pa kutokea, ikakosa, ikalipuka kupitia mshono na kuacha matundu mstari mzima. Rubeni akaliinua bati kwenye mwanga wa mlango akayahesabu matundu. Yalikuwa kumi na tisa.

“Tate,” akanena Glory, “mtambo huu hautaki kingo zipandane. Unataka zigusane uso kwa uso.”

“Zisipopandana zitashikwa na nini?”

“Hazishikwi. Zinayeyuka, zinakuwa bati moja.”

“Baba yangu alinifundisha kupandisha. Alinifundisha kwa kofi, nikiwa na miaka kumi na mbili. Unaniambia baba yangu alikosea?”

“Hakukosea. Kwa risasi alikuwa sahihi.”

Rubeni akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Kuacha upana wa kidole kimoja cha bati, kwa mtu mwingine ni kitu gani? Kwake ilikuwa kama kumkana marehemu mbele ya watu. Mwishowe akasema, “Haya. Kata wewe.”

Ndipo vikaanza vita vya pili, siku ya Ijumaa. Glory akalikata bati kwa leza, na ukingo ukatoka umenyooka hata Rubeni, aliyekuja na tupa mfukoni ili ausawazishe, hakuitoa tupa. Wakalipinda bati likawa pipa dogo. Lakini bati ni kiumbe mkaidi, hulala linapotazamwa na kuinuka ukigeuka. Likafunguka kidogo, upana wa uzi, mwale ukapenya kwenye uwazi ule na kula ukingo wote. Mara ya pili, vivyo hivyo. Vibano vya Glory vilikuwa vya milango na madirisha, vitu vyenye pembe, na mbele ya kitu cha mviringo vikawa havina maana. Mshika Miale akavua miwani akafuta jasho.

“Hapa nimekwama, tate.”

Rubeni akacheka, mara ya kwanza tangu kiangazi kilichopita. Akavuka barabara, akarudi na mpira wa ndani wa baiskeli, akaukata vipande vitatu, akalifunga bati juu, katikati na chini, kwa fundo alijualo yeye. Kisha kwa nyundo ya mti akaligonga huku akilizungusha, taratibu, asilitazame, akisikiliza sauti tu, mpaka kingo mbili zikakutana na ukucha wa Glory usione pa kuingia.

“Chomelea wewe,” akasema mzee. “Mimi macho yangu unayajua.”

“Hayahitajiki. Nimekuwekea rula ya chuma. Ncha inaifuata, wewe shika tu mkono usitetemeke.”

Na mkono haukutetemeka. Rubeni aliusogeza mwale toka juu hadi chini, Glory akifungua mpira mmoja mmoja moto ulipoukaribia, na kabla mtu hajamaliza Baba Yetu moja mshono ulikuwa umefungwa. Kitako na mdomo vikafuata kabla ya magharibi.

Jumamosi asubuhi Mwanahawa aliijaza keni mferejini, akaweka jani la mgomba juu ya maji yasirukeruke, akajitwika. Rubeni akafuata nyuma, na Glory nyuma yake. Walipofika katikati ya mlima, mzee akaona alama nyeusi kwenye khanga, kati ya mabega. Ikakua. Hata hivyo akaendelea kupanda, kwa kuwa mtu mzima huwa hakimbii.

Juu, keni ilipotuliwa, akavua kofia.

“Mama, nimeiona. Imevuja. Msinitafutie maneno ya kunifariji. Agizeni za plastiki.”

Mwanahawa akaivua khanga ya mgongoni, akainusa, akampa Glory naye ainuse.

“Fundi, hili ni jasho langu. Nina miaka hamsini na miwili, na mlima umeuona.” Akapitisha kiganja chini ya keni na kando ya mshono, akamwonyesha. Kilikuwa kikavu. “Wanawake wanataka zao kabla ya mwezi kuisha.”

Mpinda Mabati akageukia bustani akalia kidogo, na wote wawili wakamwacha alie. Basi na ijulikane Lushoto yote na mpaka Mnazi kule tambarare, na watu wahesabu miaka kuanzia asubuhi ile, ambayo Mwanahawa alimwagilia kabichi kumi na nne, na ya kumi na tano ikapata nusu, kwa kuwa maji yaliisha, yakiwa yametoka kwenye mdomo wa keni na si penginepo.