Sifa za Nyuma ya Jalada

Jumatatu, 3 Juni

Sijawahi kumwambia mtu jambo hili. Nyuma ya jalada la kitabu changu pameandikwa: "Riwaya inayomshika msomaji shati hadi ukurasa wa mwisho." Chini yake: "Mwalimu mstaafu, msomaji wa miaka arobaini." Maneno hayo niliyaandika mwenyewe, nikiwa chooni, mahali pekee kwetu penye komeo.

Sikutaja jina. Lakini mwalimu mstaafu ninayemjua ni mmoja tu, babu yangu, anayelala chumba cha pili na hana habari kwamba nimeandika kitabu.

Kitabu kinaitwa Mlango Uliofungwa kwa Ndani. Kurasa sitini na nne. Mpishi wa bweni anakutwa amekufa ndani ya stoo, na komeo limefungwa kwa ndani. Fundi wa steshenari kanichapia nakala ishirini, malipo yakiwa likizo nzima niliyompangia mafaili. Alinishauri tuchape moja kwanza, niisome nikiwa na kalamu mkononi, ndipo tuendelee. Alisema kila anayejichapishia kitabu hujiona hana makosa mpaka ayaone kwenye karatasi. Nilimwambia nimeshasoma kwenye kompyuta. Akanitazama kama mganga anayemtazama mgonjwa aliyekataa sindano, kisha akawasha mashine.

Mkutubi wa shule ametangaza kwamba Ijumaa, mbele ya wazazi, kitabu kimoja cha mwanafunzi kitaingia kwenye rafu ya maktaba na kupewa namba, kama vitabu vya watu wazima. Naitaka namba hiyo kuliko ninavyotaka kufaulu hesabu.

Jumanne, 4 Juni

Tumepeleka wawili tu. Mimi na mwenzangu wa dawati, tunayemwita Kamusi kwa sababu humsahihisha hata anayepiga chafya. Kamusi kaleta mashairi, nakala moja, imeshonwa kwa uzi. Nyuma hakuna sifa hata moja. Nilimhurumia.

Mkutubi alikigeuza changu, akasoma nyuma, akauliza huyu mwalimu mstaafu ni nani. Nikasema babu. Nilisema kwa sauti ya chini lakini alisikia. Uso wake ukang'aa. Kumbe babu ndiye aliyemfundisha kusoma! Akasema katika miaka yote hiyo hakuwahi kumsikia akisifu kitu, hata mvua, kwa hiyo lazima hiki ni kitabu cha ajabu. Atampigia simu aje Ijumaa aseme maneno mawili kabla namba haijatolewa.

Kamusi akaniuliza mbona natokwa jasho. Nikasema joto. Akanionyesha feni, iko juu ya kichwa changu.

Jumatano, 5 Juni

Mpango: babu asome kitabu, akipende, na uongo utakuwa ukweli uliochelewa kidogo tu. Asubuhi niliweka nakala karibu na miwani yake. Nililifunika jalada kwa gazeti, mbele na nyuma.

Niliporudi kutoka shuleni nilikuta miwani, kitabu na kalamu nyekundu. Ile kalamu. Nilidhani aliiacha kazini alipostaafu.

Babu akaniita. Akauliza hii kazi ni ya nani. Nikasema ya rafiki yangu mmoja. Akasema basi nimfikishie huyo rafiki salamu, na nimwambie kwamba mpishi amezikwa ukurasa wa kumi na mbili, lakini ukurasa wa arobaini anakunywa chai. Nikasema labda ni pacha wake.

"Pacha huyo kazaliwa sasa hivi, mjukuu wangu," alisema. "Mdomoni mwako."

Hapo simu ikalia. Alikuwa mkutubi. Nilimsikia babu akisema ndiyo, ndiyo, hujambo mwanangu, nitakuja. Alipokata, akaliondoa gazeti taratibu, akakigeuza kitabu, akasoma nyuma. Kisha akakifungua tena pale alipoishia. Heri angenigombeza.

Alhamisi, 6 Juni

Bado hajanigombeza. Nimempelekea chai mara tatu. Amekunywa zote.

Ijumaa, 7 Juni

Maktaba ilijaa wazazi kwenye viti vya plastiki. Babu alivaa koti. Alisimama na nakala yangu mkononi, imevimba kwa wino mwekundu, akasema maneno ya nyuma ya jalada si yake. Yeye hajawahi kushikwa shati na kitabu chochote. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Hakukaa. Akasema amekisoma mara mbili. Mara ya kwanza alitafuta makosa, akapata mia na kumi na manne. Mara ya pili alirudia kwa sababu hakuelewa muuaji alitokaje ndani ya stoo, na jambo hilo lilimkera mpaka akajikata akinyoa ndevu. Akaonyesha kidevu. Kisha akanigeukia mbele ya wote.

"Haya, mwandishi. Alitokaje?"

Nikasema dirisha la juu. Akauliza liko ukurasa gani. Nikafikiri. Haliko ukurasa wowote. Nilisahau kuliandika.

Namba ikaenda kwa Kamusi. Nilipiga makofi, mikono ikiwa mizito. Mkutubi aliniambia pembeni kwamba nikisahihisha yote na kufuta sifa za kubuni, nilete tena muhula ujao, nafasi kwenye rafu ipo. Babu akanikabidhi nakala nyekundu, akasema nianze ukurasa wa kwanza, nisiruke. Kamusi akaniuliza kama atakuwa wa pili kuisoma. Anataka kujua kuhusu hilo dirisha.

Jumamosi, 8 Juni

Nimesahihisha mpaka ukurasa wa tisa. Dirisha nimeliweka, na ni kubwa. Kurasa zilizobaki nilizitazama kwa jumla na zinaonekana nzuri.

Nilikwenda steshenari. Fundi akauliza kama safari hii tutachapa moja kwanza. Nikasema thelathini, na likizo ijayo nitampangia mafaili tena. Nikampa karatasi ya nyuma ya jalada. Sifa za kubuni nimefuta zote. Sasa ni maneno ya kweli: "Nimekisoma mara mbili. Mwalimu mstaafu." Na chini yake: "Lazima hiki ni kitabu cha ajabu. Mkutubi wa shule."

Fundi akapima kwa rula, akasema chini imebaki nafasi ya mistari miwili, itaonekana tupu.

Nikaazima kalamu yake, nikamuuliza kama choo chao kina komeo.