Masharubu ya Koleta

Leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya ghala la kijiji, watu wakiwa ndiyo kwanza wametoka shamba la pamoja. Nawaandikia nyinyi wenzangu wa darasa la saba kabla hamjasimuliwa na wengine. Na niseme mapema: kosa si langu peke yangu.

Mama Deo mnamjua. Deo wake yuko vitani, huko Uganda. Alileta barua, ombi lake moja tu: atumiwe picha ya mama yake na dada yake Koleta wamekaa pamoja. Sasa Koleta yuko Rulenge, anajifunza ushonaji kwa masista, na ruhusa hapewi. Mama Deo naye miguu imevimba, Rulenge hafiki. Akanijia na barua imefungwa kwenye pindo la khanga.

"Mwanangu, wewe si una kamera?"

Ninayo. Ile ya sanduku, aliyoniachia baba mdogo mwenye studio Biharamulo mjini. Nikamwambia nitawakalisha pamoja na wala hatasafiri.

Inawezekana, msibishe. Unaziba nusu ya lenzi kwa karatasi nyeusi, unapiga. Filamu huisogezi. Unahamishia karatasi nusu ya pili, unapiga tena. Watu wawili wanatoka kwenye picha moja kama walikaa bega kwa bega. Filamu yangu ilikuwa imebakiza nafasi moja tu. Nikampiga Mama Deo amekaa kushoto mwa benchi, mbele ya ukuta wa ghala. Karatasi nikaihamisha palepale nisije nikasahau. (Mimi husahau. Endeleeni kusoma.)

Ndipo akatokea Mwenyekiti wa kijiji. Suti, kofia, masharubu yamechanwa.

"Kijana, nipige na mimi."

"Shikamoo Mwenyekiti. Filamu imeisha."

Hata marahaba hakuitikia. "Imeisha na kamera umeikumbatia? Umeanza ubinafsi?"

Siku hizi ukiitwa mbinafsi mbele za watu, umekwisha. Akakaa kulia mwa benchi, kifua mbele. "Na nyuma ya picha uandike: kama si goti hili, ningekuwa mstari wa mbele."

Goti hilo tunalisikia tangu vita vianze.

Nikaamua kumpiga bure. Mafundi hufanya hivyo kwa watoto wasumbufu: unajifanya umepiga, baadaye unasema picha imeungua.

"Sijasikia mlio," akasema. "Mimi nimepigwa picha Bukoba. Najua mlio."

Ningefanyaje? Nikajiambia karatasi ipo kwenye lenzi, mwanga hauingii. Nikafyatua. Mlio akausikia, akaridhika.

Karatasi ilikuwa imeziba nusu, ile ya Mama Deo tu. Nusu, wenzangu.

Kesho yake nikapanda baiskeli mpaka Rulenge, mvua mgongoni siku nzima. Nikamkalisha Koleta kulia mwa benchi la masista, ukuta mweupe kama wa ghala letu, gauni la maua, tabasamu zuri. Nikafyatua. Nikarudi naimba, filamu nikaituma kwa baba mdogo aisafishe.

Leo bahasha imefika na lori la mahindi. Lori hilohilo lilikuwa linamchukua Sospeter, askari aliyekuwa likizo, anarudi kwenye kikosi chao, yeye na Deo. Kwa hiyo picha ingeondoka leo, au basi. Ningeifungua pembeni, yangekwisha. Lakini nilitaka sifa. Nikaiinua juu watu waione kabla sijaiangalia mwenyewe.

Watu wakasogea karibu. Kisha Sospeter akauliza taratibu, "Mama Deo, huyu mzee aliyevaa gauni ni nani wako?"

Nikaigeuza. Mama Deo katoka safi. Pembeni yake Koleta: macho ya Koleta, maua ya Koleta, na masharubu. Kofia kichwani. Goti la suruali linachungulia kwenye gauni.

"Huyo ni nani?" Mwenyekiti akauliza, na kofia ileile ameivaa.

Mkewe ndiye aliyemjibu. "Baba Stella, gauni linakukaa."

Watu wakavunjika mbavu. Mwenyekiti akasema nimedhalilisha uongozi wakati wa vita, kamera itafika mbele ya kamati. Mimi! Nani alitaka mlio? Na hapakuwa na hata mmoja aliyeona kwamba pale nusu mbili zinapokutana hapana hata alama. Kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, sifa hakuna.

"Ilete niichane," Mwenyekiti akasema.

Lakini picha ilikuwa tayari mikononi mwa Mama Deo, na yeye hakuwa anacheka. Hapo ndipo nilipoumia kweli.

"Mama, nisamehe. Nitawapiga tena."

"Lini, mwanangu? Lori linaunguruma hilo." Akaitazama sana, kidole juu ya uso wa binti yake. "Macho ni ya Koleta. Haya mengine, Deo atacheka. Huko aliko nani anamchekesha?"

Akampa Sospeter. Sospeter akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo, akarukia lori.

Mwenyekiti akalikimbiza. Alikimbia mpaka darajani, wenzangu, anapunga kofia, na goti halikumsumbua hata kidogo.

Kwa hiyo naomba msinicheke. Mimi nasubiri kamati. Mwenyekiti wetu yuko njiani kwenda mstari wa mbele kama alivyotamani siku zote, ila amekwenda na gauni la maua.