Nilivyokufa Ili Kuokoa Nauli

Jumatatu, 1 Oktoba 1979

Sukari hakuna. Na ikija, bei yake inakurudisha nyumbani na mfuko mtupu. Nilimwuliza Khatibu, muuzaji wa duka la kijiji. Akasema bei hakuipanga yeye, na nikimkodolea macho haitashuka. Redio inasema tufunge mikanda. Mkanda wangu ulifika tundu la mwisho mwezi wa nane. Nimeongeza jingine kwa msumari.

Pensheni ni ileile ya mwaka nilipoacha ukarani wa mahakama. Mimi nilistaafu, bei hazikustaafu!

Sasa nauli ya basi, Kibondo hadi Kasulu, nayo imepanda. Kila miezi mitatu mstaafu sharti afike mwenyewe kwa karani wa malipo Kasulu, aonekane kwa macho kuwa yu hai, ndipo alipwe. Esteri, mke wangu, ameanza kunywa chai ya chumvi. Halalamiki. Afadhali angelalamika. Siku niliyostaafu nilimwahidi chai ya sukari kila asubuhi mpaka Mungu atuite.

Nimepata mpango. Jirani yangu Tharsisi, nyapara mstaafu wa barabara, huenda Kasulu siku ileile. Kwa nini wazee wawili walipe nauli kwenda kusema jambo moja, kwamba wapo? Mwezi huu ataenda yeye na kunisemea. Januari nitaenda mimi na kumsemea. Miaka thelathini na mmoja nimeandika kesi za watu wajinga. Hii haitakuwa mojawapo.

Jumatano, 3 Oktoba

Tharsisi kapanda basi la asubuhi. Kabeba barua yangu, kurasa tatu, mwandiko wa mahakama. Kadi ya pensheni sikumpa. Imo mfukoni mwa koti langu, na mimi sitoi kadi kwa mtu aliyewahi kupoteza greda.

Nimemwagiza hivi: karani akiuliza kwa nini sikufika, aseme naumwa. Karani akionyesha shaka, aongeze uzito wa ugonjwa. Tharsisi si mzoefu wa uongo. Amejifunza kwangu juzi.

Ijumaa, 5 Oktoba

Nimekufa.

Tharsisi kaja asubuhi, kasimama mlangoni, kakataa kiti. Kasema karani alimwuliza mimi, Melkiadi, niko wapi. Anaumwa. Anaumwa sana? Sana. Anakula? Hali. Anaongea? Hapo Tharsisi akakumbuka agizo la uzito, akasema nimeacha kuongea. Karani akasimama, akavua kofia, akampa pole, akafunga faili langu.

Nikamwuliza kwa nini hakumkatiza. Akasema mtu akishasimama na kuvua kofia, humwambii tena akae.

Nilimtafutia fimbo, nikaikosa. Mpango ulikuwa safi! Esteri alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akauliza bila hiyo pensheni tutakula nini. Nimemwambia Jumatatu nakwenda Kasulu kujionyesha, na mambo yataisha.

Jumamosi, 6 Oktoba

Habari ya kifo changu iliwafikia ndugu zangu Kasulu kabla yangu. Leo saa sita wameshuka na lori zima, vilio juu. Mimi nilikuwa migombani napunguza majani makavu. Nikachungulia. Huku kwetu mtu haendi msibani mikono mitupu. Nikaona unga. Nikaona dumu la mawese. Nikaona miche ya sabuni. Nikaona sukari, kilo nne!

Esteri aliwaambia niko hai, niko migombani. Wakamshika mikono, wakamwagia maji kichwani, wakasema majonzi yamempanda akilini. Akarudia kwa sauti kubwa. Wakazidi kulia.

Ningeweza kutoka. Hii ni shajara yangu, acha niandike kweli: nilichutama. Nilisema nusu saa tu, huenda wengine wako njiani na sukari nyingine.

Wengine walikuwa njiani kweli, ila walileta matumbo tu. Wakala maharage yote. Wakachinja mbuzi wangu wa Krismasi. Chai ikapikwa kwa sufuria la harusi, na sukari ikatiwa kwa kikombe, maana msibani nani anapima? Tharsisi, anayejua vizuri kuwa mimi ni mzima, alikula mbavu mbili huku analia. Nilipomwuliza baadaye, akasema hakuona pa kuingilia.

Saa kumi binamu yangu Reverien akatangaza kwamba koti la marehemu aliahidiwa yeye, kwa mdomo wangu mwenyewe. Uongo mtupu! Koti lile nilivalishwa siku ya kuagwa kazini, mbele ya hakimu, nikatokwa na machozi. Akalivaa. Likamkaa vizuri kuliko mimi.

Nikatoka migombani. Nikawaamkia kama kawaida, "Mwidiwe." Kufa si kukosa adabu.

Vikombe vilianguka. Shangazi yangu alipita dirishani, na ana miaka sabini. Nikawaita kwa majina, ikawa mbaya zaidi. Lori liliondoka na Reverien, koti mwilini, kadi yangu ya pensheni mfukoni.

Esteri hakusema nami mpaka jua linazama. Kisha akasema neno moja tu: mwishowe waliyekuwa wakimlilia ni yeye, wakidhani kapata wazimu.

Jumatatu, 8 Oktoba

Kasulu. Nauli za watu watatu, kwa sababu asiye na kadi anatakiwa kuleta mashahidi wawili.

Karani alimkataa Tharsisi papo hapo. Shahidi aliyekwisha kusema mtu kafa hawezi kurudi siku ya tano kusema yu hai. Kisheria alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniuma. Ila akakubali kumsikiliza mke peke yake.

Akamwuliza Esteri anajuaje kwamba huyu ndiye Melkiadi. Esteri akanitazama. Akanitazama muda mrefu. Niliogopa, naandika bila kuficha. Uhai wangu wote ulikuwa mdomoni mwa mwanamke niliyemwacha amwagiwe maji huku mimi nahesabu mifuko ya sukari.

Akasema, "Mwanangu, miaka thelathini na minne naishi naye. Wilaya nzima hakuna mwingine wa kukubali aliliwe ili apate sukari. Ni huyu."

Karani akalifungua tena faili langu. Akagonga mhuri. Malipo ya Oktoba, kasema, yamekwisha kufungwa; mengine ni Januari.

Tulipita kwa Reverien. Kadi karudisha. Koti kakataa, kasema vya marehemu havirudi.

Alhamisi, 11 Oktoba

Sukari iliyobaki msibani ni vijiko viwili. Asubuhi Esteri akavitia vyote kwenye kikombe changu, yeye akachukua chumvi. Nikambadilishia. Akanirudishia. Tukagombana, mwisho tukanywa kikombe kimoja kwa zamu. Nampenda mwanamke huyu, na nilimwonea. Nikamwomba msamaha. Akasema amesamehe, ila mipango basi. Nikaapa kwa Biblia.

Halafu nikakaa na kesi hii, nikaipitia kama karani. Nimegundua mpango haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa marehemu. Marehemu alikuwa na mbuzi, ndiyo maana akachinjwa. Alikuwa na koti, ndiyo maana likagombewa. Alikuwa na mke msema kweli.

Tharsisi hana mbuzi. Hana koti. Ni mgane. Na ndugu zake wametapakaa mpaka Kakonko, wengine wafanyabiashara wa sukari.

Januari ni zamu yangu kwenda Kasulu kumsemea. Leo nimempelekea mkungu wa ndizi, nikamwomba majina ya ndugu zake wote na vijiji vyao. Alifurahi sana kukumbukwa. Ameniandikia ishirini na sita.

Bado sijamwambia.