Idara ya Vyombo Ndani ya Vyombo

Wananchi wote walitangaziwa, kwa mabango, kwa vipaza sauti na kwa waraka wenye mihuri miwili, kwamba kuanzia Jumatatu hiyo hakuna chombo cha usafiri kitakachosafiri ndani ya chombo kingine cha usafiri bila kibali. Baiskeli ni chombo. Gari ni chombo. Baiskeli ikiwa ndani ya gari, ni nani anayesafiri na ni nani anayesafirishwa? Taifa lilikuwa limeishi na swali hilo miaka yote bila kujali, na ni rehema za Mungu tu zilizolinusuru. Sasa ilikuwapo Idara ya Vyombo Ndani ya Vyombo, ghorofa ya tatu, mlango wa pili baada ya choo kibovu, na watu wangeweza kulala usingizi.

Mkaguzi pekee wa Idara alikuwa bwana mmoja mwembamba wa makamo aliyeitwa Futi, kwa sababu futi ya chuma haikumtoka mfukoni hata alipokwenda msibani. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa akiwaambia wateja kwamba yeye kaolewa na mtu anayepima mkate kabla ya kuukata. Futi hakuona tusi hapo. Miaka ishirini na miwili ya utumishi, na hakuwahi kuandika uongo kwenye fomu, hata uongo wa tarehe. Wiki ya kwanza alimzuia mtoto wa chekechea aliyekutwa ndani ya basi na kigari cha plastiki mkononi. Alimwachia baada ya dakika arobaini, ilipothibitika kwamba kigari hakina injini.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipokuja mkunga.

Mkunga alikuwa mwanamke wa umbo dogo na sauti kubwa, kutoka zahanati ya chini ya mlima. Alikuwa na kigari chake cha milango mitano, kidogo kiasi kwamba watu walisema hakipandwi, huvaliwa. Ndani ya kigari hicho alibeba baiskeli ya milimani, ya gia, yenye matairi ya manundu. Barabara ya magari iliishia kwenye daraja lililobomoka, na kutoka hapo ilibaki njia nyembamba ya kilomita sita hadi vijiji vya juu. Gari peke yake halikufika. Baiskeli peke yake ingemfikisha akiwa hoi kuliko mzazi. Basi alilaza kiti cha nyuma, akachomoa gurudumu la mbele, akapinda usukani, akaisukuma baiskeli ndani kwa ubavu, mnyororo ukitazama juu, akafunika grisi kwa shuka kuukuu na kubamiza mlango wa nyuma. Dakika mbili.

Utaratibu wa Idara kwa kazi hiyohiyo ulikuwa na hatua kumi na tisa.

"Maombi yako yamerudi, dada," Futi alimwambia, mara ya tatu sasa, akilisogeza faili juu ya meza.

"Yamerudi kutoka wapi?"

"Kwa Mkurugenzi."

"Si yule anayekohoa nyuma ya mlango huo?"

"Ndiye."

"Basi hayakurudi, yamevuka korido. Tatizo nini safari hii?"

"Idadi ya magurudumu. Umeandika sita. Lakini la mbele la baiskeli umelichomoa, na gurudumu lililochomolewa si gurudumu, ni shehena. Ilikuwa uandike matano, na shehena moja."

Mkunga alimtazama kama mtu anayetafuta mahali pa kumchoma sindano.

"Kaka yangu, juzi nimepanda mlima kwa miguu kwa sababu ya hayo magurudumu yako. Kufika, mtoto kashazaliwa, bibi yake kakata kitovu kwa wembe wa kunyolea ndevu. Mungu kasaidia, wazima. Hilo niliandike kwenye kisanduku gani?"

Futi aliipitia fomu, mbele na nyuma. Kisanduku hakikuwapo. Ndipo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alilichukua faili mwenyewe, akabisha hodi kwa Mkurugenzi bila kuitwa.

Mkurugenzi alikuwa mtu wa kilo mia moja na nne, na gari lake la kazi lilihitaji maegesho mawili na ngazi ya kupandia. Alimsikiliza Futi akiwa amefumba macho, jambo ambalo kwake lilikuwa dalili ya kufikiri.

"Kikwazo changu ni nafasi ya uokozi," alisema. "Baiskeli ikiwamo, mtu mzima anaenea pembeni yake? Kama haenei, siku ya ajali ataokolewaje?"

"Kama haenei, mheshimiwa, hatakuwamo."

"Usinichanganye. Nitakwenda kuthibitisha mwenyewe. Mtu mzima akienea, natia sahihi. Na ubebe simu yenye kamera nzuri."

Alhamisi saa nne asubuhi walikuwa uani mwa zahanati. Mkunga alipakia baiskeli. Mkurugenzi alikizunguka kigari mara mbili, akakigonga kwa kidole, kisha akamkataza Futi asijipendekeze kuingia, kwani kazi ya kihistoria haifanywi na wasaidizi. Akainama, akaingia kwa nyuma, kwa mapana yake yote.

Alienea. Hilo lazima lisemwe. Mguu wa kulia ulipita katikati ya fremu. Mkono wa breki uliingia kwenye mkono wa koti, na pedali ikapata mahali chini ya mkanda wa suruali, ikatulia kama iliyofika kwao.

"Piga," alisema kwa sauti nyembamba.

Futi alipiga picha tatu.

"Sasa nitoeni."

Mkunga alishika fremu. Futi akainua mkono.

"Samahani, dada. Chombo kiko chini ya ukaguzi. Hakuna kinachotolewa bila Fomu Namba Tisa yenye sahihi ya Mkurugenzi."

"Mkurugenzi si huyu hapa!"

"Ilete nitie sahihi!" alifoka Mkurugenzi kutoka chini ya usukani wa baiskeli.

Futi alishikwa na haya. "Mheshimiwa, kuna kifungu cha sita, ulichokiandika wewe mwenyewe. Mwenye haja hawezi kujiidhinishia. Itabidi atie sahihi makamu."

"Mwite basi makamu!"

"Makamu ni wewe, mheshimiwa. Unakaimu tangu Idara ianzishwe. Ulisema hujaona mwingine mwenye sifa."

Simu ya mkunga ikalia. Alisikiliza akiwa amesimama, uso ukabadilika, akajibu maneno machache: asinyweshwe kitu, alazwe kwa ubavu, naja. Mzazi alikuwa mke wa seremala, kijiji cha juu kabisa, mimba ya kwanza. Chupa ya uzazi ilikuwa imepasuka tangu alfajiri, na mtoto alikuwa amekaa kitako.

Mkunga aliweka mkoba wake kiti cha mbele, akaenda nyuma, akakisukuma kiatu cha Mkurugenzi ndani, akabamiza mlango.

"Unafanya nini?" ilisikika sauti.

"Nafunga buti."

"Kuna mtu!"

"Namwona. Na kule juu wapo wawili." Akamgeukia Futi. "Kumtoa huyu mnataka sahihi, na mtoto yule hajui kusoma. Kaka, unapanda au unabaki?"

Futi alitazama faili mkononi mwake. Alijua vifungu vyote vilivyokuwa vinavunjwa, alivihesabu, vilikuwa saba. Kisha akapanda, akaupakata ule mkoba, na kumsikia mtu akisema "Endesha." Ilimchukua muda kutambua kwamba ni yeye.

Njiani Mkurugenzi aliendelea kutekeleza majukumu yake.

"Hili shimo ni la nani?"

"La Idara ya Barabara, mheshimiwa."

"Waandikie barua!"

"Ndiyo, mheshimiwa." Futi aliandika. Kwenye shimo la kumi na nne kalamu ilitoboa karatasi.

Walipofika kwenye daraja lililobomoka, mkunga alifungua mlango wa nyuma na kuamuru, "Vuta tumbo." Alilegeza mkanda wa mheshimiwa, akachomoa pedali, akauvua mkono wa koti kutoka kwenye breki, akaizungusha fremu juu ya goti lake, na baiskeli ikatoka. Muda huo wote Futi alikuwa amegeuka kuutazama mlima kwa makini sana, ili asiwe shahidi. Gurudumu la mbele likarudi mahali pake, mkoba ukafungwa nyuma ya kiti, mkunga akavuka kijito baiskeli ikiwa begani, na dakika chache baadaye alikuwa kitone kinachopanda.

"Toka sasa, mheshimiwa," alisema Futi.

Mkurugenzi alijaribu. Mgongo ulikuwa umekamata. Alikuwa amekunjwa saa nzima, na sasa alikuwa na umbo la kigari. Ikabidi wangoje, mmoja amelala ndani ya buti magoti kidevuni, mwingine ameketi juu ya jiwe.

Saa sita ikapita, saa nane ikapita. Futi alimnywesha maji kwa kifuniko cha chupa.

"Futi."

"Naam, mheshimiwa."

"Hawa wanawake wa huko juu, wakizidiwa hushukaje?"

"Kwa miguu, mheshimiwa. Au hawashuki."

Mkurugenzi alifumba macho. Futi alidhani anafikiri, akamheshimu, mpaka aliposikia mkoromo.

Mkunga aliteremka saa tisa na nusu, aproni imelowa, nywele zimejaa vumbi, anacheka kabla hajafika. "Wa kike! Kilo tatu kasoro kidogo. Katanguliza makalio kama anayeingia kwenye kiti chake mwenyewe! Mama yake mzima." Futi alisimama, akakaa, akasimama tena. Kisha wakaipakia baiskeli juu ya Mkurugenzi, taratibu, kwa kufuata umbo lake, wakateremka.

Kwenye mteremko wa mwisho Mkurugenzi akasema, kwa sauti ya mtu aliyepanga maneno, "Taarifa ya leo utaandika kwamba nilikuwa kwenye ziara ya kikazi."

"Fomu haina kisanduku cha ziara, mheshimiwa. Ina abiria na ina mzigo."

"Basi abiria."

"Abiria hufungwa mkanda. Hukufungwa."

"Futi, nakuamuru!"

"Naam, mheshimiwa. Nitaandika pia kwamba umeniamuru."

Akaandika usiku huo mezani kwake, mkewe akimshikia taa kwa kuwa umeme ulikatika. Aina ya mzigo: mkurugenzi, mmoja. Hali kabla ya safari: amenyooka. Hali baada ya safari: amekunjwa. Madhara kwa baiskeli: hakuna. Akaambatanisha picha tatu. Na kwa kuwa mtu mzima alienea, kama ilivyotakiwa, kibali cha mkunga kilitoka asubuhi, cha kudumu. Mkurugenzi alikitia sahihi akiwa amelala kifudifudi kwenye kochi la ofisi, bila kukisoma, kwa sababu hakuweza kugeuza shingo.

Taarifa ilipanda Wizarani. Kwa kawaida taarifa zikifika huko hazisomwi, lakini hii ilikuwa na picha. Ilipita meza hadi meza, wengine wakaiomba mara mbili kwa ajili ya uchambuzi wa kina. Baada ya wiki mbili ukatoka waraka.

Wizara, ulisema waraka, imeridhika kwa ushahidi usio na doa kwamba mkurugenzi mwenye kilo mia moja na nne anaweza kusafirishwa kwenda na kurudi mlimani ndani ya buti la gari dogo, pamoja na baiskeli, bila kuharibika wala kupungua. Hivyo hakuna tena sababu ya kitaalamu ya wakurugenzi kupewa magari makubwa. Magari hayo yarejeshwe mara moja. Kila mkurugenzi atapewa kigari cha milango mitano na baiskeli moja, iliyo ndani yake muda wote kwa dharura. Kiti cha mbele kitakaliwa na mkaguzi. Wizara inampongeza Mkurugenzi wa Vyombo Ndani ya Vyombo kwa kujitoa kwake.

Wakurugenzi wa idara nyingine kumi na moja waliacha kuitikia salamu zake. Wa Idara ya Barabara alipigwa na shimo lake mwenyewe siku ya kwanza, akaliziba siku ya pili.

Jumatatu saa mbili kasorobo, kigari kipya kilikuwa kimeegeshwa mbele ya nyumba ya Mkurugenzi. Majirani walikuwa wametoka wote kufagia, hata wasio na ufagio. Mkurugenzi alisimama barazani na mkoba wake, akaitazama baiskeli iliyolala ndani, akaitazama mbingu.

Futi alifungua mlango wa nyuma kwa heshima zote, akapangusa pedali kwa leso, akainama kidogo.

"Habari za asubuhi, mheshimiwa. Leo tuanze na kichwa, au miguu?"