Karenaji Nyekundu na Geti la Papa Donatien

Leo aibu imenikuta nimevaa suti.

Suti ya rangi ya maziwa, nimeishona mwenyewe kwa wiki mbili. Kwa wasionijua: mimi ni fundi wa kushona hapa Likasi, napima watu mabega na viuno kutoka asubuhi mpaka jioni. Hiyo kazi yangu muiweke akilini, itanirudia huko mbele.

Leo ndiyo siku niliyopewa ya kujionyesha kwa wazazi wa Béa. Miaka mitatu nampenda huyu binti, na baba yake, Papa Donatien, ni mzee wa kiwandani aliyestaafu lakini bado anaamka kama vile king'ora kinamwita. Kabla yangu alikuja mchumba mwingine. Alichelewa, akajitetea kwamba alikuwa anaitafuta nyumba yao. Papa akamwambia, "Minataka muntu mwenye kujua kwenye anaenda," akafunga mlango. Hajamfungulia mpaka leo.

Béa alinionya. "Saa ine. Haiko saa ine na kitu. Ukikosa leo, Papa hatakupatia siku ingine."

Niliogopa kweli. Na hofu ikinishika, mimi huwa nawaza mavazi.

Sasa, msimu huu upepo wa Likasi hauna adabu. Unazoa vumbi jekundu unalimwaga machoni, kwenye meno, ndani ya kola. Suti ya rangi ya maziwa ingefika imeiva kama tofali. Ndiyo maana jana nikaenda kwa Trésor, muuza vipuri sokoni, kutafuta karenaji. Ni ile ngozi ya plastiki yenye kioo juu, inafungwa mbele ya pikipiki ili upepo ukupite pembeni.

Trésor alinitolea mbili. Ya kwanza nyeusi, fupi, kioo kirefu kimesimama wima, imetengenezwa kwa pikipiki ndogo kama yangu. Kwa upepo haina mpinzani. Kwa sura, ni dirisha la kibanda cha mikate. Ya pili nyekundu, pua ndefu, imetoka kwenye pikipiki kubwa ya mashindano, na ubavuni imechorwa tai ametoa kucha.

"Ile ya mweusi njo ya pikipiki yako," Trésor akasema. "Hii iko ya pikipiki mukubwa. Haitaenea."

"Funga nyekundu."

Akafunga, kwa waya na skrubu nne. Kisha akajaribu usukani. Kushoto ukaenda vizuri. Kulia ukagonga plastiki: ko.

"Unaona? Kulia inakatala. Acha nikate apa kidogo, dakika kumi tu."

Pale alipoweka kidole palikuwa na kichwa cha tai.

"Usikate. Utaniulia ndege."

"Na ukitaka kupinda kulia?"

"Nitazunguka."

(Mimi huyu, ninayekata vitambaa vya watu bila kupepesa jicho.)

Trésor akapangusa mikono. "Sawa, kaka. Pikipiki ni yako." Mimi sikuwa namsikiliza tena. Nilikuwa najitazama kwenye dirisha la duka la jirani, na nilijipenda sana.

Leo asubuhi nikampakia mjomba Kasongo. Kwetu siku hiyo mchumba hafungui kinywa. Mjomba ndiye anayesema, wewe unakaa kimya, macho chini. Na kwa mama mkwe macho chini zaidi: humtazami usoni mpaka umtolee zawadi yake. Ukimtazama kabla, umemtukana. Mjomba alishika kwapani jogoo mweupe wa kumpa Papa, akawa anayarudia maneno yake kimoyomoyo.

Nitasema ukweli, karenaji haikukinga kitu. Kioo chake kifupi na kimelala, kimefanywa kwa mtu anayelalia tangi kama anakimbizwa. Mimi nimekaa wima na tai shingoni. Vumbi lote lilinipiga kifuani, lililobaki likampata mjomba.

"Hii kitu inakinga nani?" akauliza.

"Inapendeza, mjomba."

Kutoka kwangu mpaka barabara ya Buluo njia ni kunyooka na kushoto tu. Nilikuwa nafurahia safari. Geti la Papa Donatien liko upande wa kulia.

Tulifika saa nne kasoro dakika kumi. Papa alikuwa ameketi nje ya geti na wazee wawili, saa mkononi. Nikapunguza mwendo, nikageuza usukani. Ko. Geti lina kidaraja chembamba juu ya mtaro, na nyuma yangu lori la mawe lilikuwa linapiga honi. Tukapita.

"Nyumba njo ile," mjomba akasema.

"Najua, mjomba."

"Sasa mbona tunaiacha?"

Tulikuwa tunakwenda moja kwa moja Buluo, na Buluo kila mtu anajua kuna gereza. Mjomba akaniinamia sikioni. "Tunaenda kuoa ao tunaenda kufungwa?"

Nikapinda kushoto, kushoto tena, kushoto tena, nikarudi barabarani. Mara ya pili nilikwenda polepole mpaka pikipiki ikayumba. Ko. Tukapita. (Ningeweza kusimama na kuisukuma. Kusukuma pikipiki mbele ya baba mkwe, na suti hii?) Mzee mmoja alituonyesha geti kwa mkono, kwa huruma, kama unavyomwonyesha mgeni.

Mara ya tatu Papa Donatien alikuwa amesimama. Aliangalia saa, akaniangalia mimi. Nikainamisha kichwa kwa heshima kama desturi inavyotaka, na kwa heshima hiyohiyo nikapita. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nilikuwa nimejitembeza mara tatu mbele ya mnunuzi mmoja.

Mjomba ndiye aliyetuokoa, au niseme alitaka kutuokoa. "We mutoto, geuka uku mbele. Ukirudi, mulango itakuwa kushoto."

Jambo rahisi hivyo. Nikageuka. Geti likawa kushoto, kidaraja nikakivuka bila kugusa kitu, nikaingia kiwanjani saa nne kamili. Kwa muda wa pumzi mbili nilikuwa mkwe ambaye kila mzazi angemtaka.

Ila ndani ya kiwanja njia inapinda kulia kwenda kwenye viti vya wageni. Ukinyooka unafika jikoni.

Ko.

Nikatafuta breki ya mkono. Karenaji ilikuwa imeibana. Nikakanyaga ya mguu, na hapo jogoo akachomoka kwapani kwa mjomba, akatua juu ya kioo, mabawa wazi, uso kwa uso na mimi. (Tai wa kuchora pembeni, jogoo wa kweli mbele. Njia sikuiona tena.) Tukapita viti. Tukapita meza yenye kitambaa cheupe. Tukaenda kusimama nyuma ya nyumba, katikati ya turubai la unga wa muhogo ulioanikwa.

Karenaji ikaangukia huku, mimi kule. Mjomba alibaki amekaa juu ya pikipiki, hata sasa sielewi namna gani. Unga ukapanda juu, ukakaa huko kidogo, ukatushukia.

Nikainua kichwa. Nilikuwa nimepiga magoti, na mbele yangu mwanamke amechuchumaa akipepea mbabula yake ya makaa kwa kifuniko cha sufuria, maana upepo ulikuwa unamzimia moto. Nilimtazama usoni. Nilimtazama vizuri. Ana macho ya Béa.

Mama akavuta kikwembe, kitenge alichojitanda, akajifunika uso wote. Kutoka humo ndani akaita, pole pole, "Baba Béa, mukwe wako amefika. Amepitia ku jikoni."

Papa Donatien akaja na wazee wake. Mjomba, mtu wa kazi, akaona ndiyo nafasi yake. Bila kushuka, nyusi nyeupe kwa unga, akaanza maneno aliyoyaandaa. "Papa, sisi tulikuwa tunapita tu, tukaona ua muzuri katika kiwanja chako..."

"Mulipita mara tatu," Papa akasema. "Niliona."

Papa akaokota karenaji, akaigeuza, akakagua zile waya kwa jicho la kiwandani.

"Nani alipima hii?"

Mimi sikutakiwa kusema. Lakini mjomba alikuwa ananitazama, na jogoo naye.

"Ni mi, Papa."

"Kazi yako ni nini?"

"Fundi wa kushona, Papa."

Papa akaitazama karenaji, akaitazama suti yangu. Kisha dirishani nikasikia mtu anajiziba kinywa na kushindwa. Alikuwa Béa. Alikuwa analia kwa kicheko, na mimi pale chini, nimejaa unga mpaka masikioni, nikajua nikimkosa huyu sitampata mwingine wa kunicheka hivyo. Machozi yalinitoka. Kwenye unga yakafanya uji.

Papa akaniangalia muda mrefu. "Nilisema minataka muntu mwenye kujua kwenye anaenda," akasema. "Weye unajua. Ni kufika njo inakushinda." Wazee wakainamisha vichwa, mabega yanacheza. "Rudi siku ya posho, ile inakuja. Saa ine. Na miguu."

Siku ya posho ni Jumamosi, kama leo, kwa hiyo nimepewa wiki moja. Na Mama, bado chini ya kikwembe, akataja faini yangu ya kumwona usoni: nguo mpya, nimshonee mwenyewe. Nitaishona bila kumpima, maana kumtazama siruhusiwi. Béa ataniletea vipimo, na safari hii nitakata kila panapotakiwa kukatwa.

Tuliondoka tunasukuma pikipiki, mjomba mbele, mimi nyuma. Kwa aibu nikaisahau karenaji kulekule.

Jioni hii Béa amenitumia picha. Karenaji imesimamishwa nyuma ya nyumba yao, imeizunguka mbabula ya mama yake, tai anaangalia upande wa upepo, na makaa yanawaka vizuri. Chini ameandika: "Mama anasema moto hauzimike tena. Hairudishi."

Basi naomba asicheke mtu. Karenaji imeshakubaliwa ukweni, aliyebaki nje ni mimi.